Kabla ya Kuita Harambee: Mwongozo Kamili wa Kuchangisha Fedha za Kituo cha Mafunzo na Utafiti wa Macho

Kila mwaka napokea simu za namna moja. Anayepiga ni daktari bingwa wa macho au katibu wa hospitali, na maelezo yake hayabadiliki: tulifanya chakula cha hisani, mgeni rasmi akaja, ahadi zikatangazwa kwa mamia ya milioni. Sasa ni mwezi wa nane na tumepokea robo. Msingi umechimbwa na nyasi zimeota ndani yake. Tufanyeje?

Jibu langu ni moja. Mlianza mwisho. Katika mwongozo huu harambee ni hatua ya tisa, nanyi mliifanya ya kwanza.

Mifano mingi hapa ni ya Tanzania, ndiko ninakofanya kazi hii. Msomaji wa Kenya au Uganda atabadilisha majina ya ofisi, mpangilio ubaki uleule.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuomba hata shilingi moja

- Hati ya kiwanja, au barua ya mwenye ardhi (hospitali, dayosisi, halmashauri) inayosema wazi kwamba eneo hilo ni la kituo.
- Cheti cha usajili cha taasisi itakayopokea fedha.
- Akaunti ya benki ya mradi peke yake. Watia saini wawe watatu, malipo yapite kwa saini mbili, na mmoja wao asiwe mtumishi wa hospitali.
- Lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la taasisi. Namba ya simu ya mtu binafsi haifai, hata ikiwa ya mganga mkuu mwenyewe.
- Mchoro wa msanifu majengo na makadirio ya mkadiriaji majenzi, yenye tarehe ya karibuni.
- Takwimu za kliniki yenu ya macho za miaka mitatu.
- Andiko la mradi lisilozidi kurasa nane, na muhtasari wa ukurasa mmoja.
- Mkaguzi wa hesabu aliyekubali kazi kwa maandishi.
- Mtu mmoja anayelipwa kwa kazi hii, japo kwa nusu siku.

Cha mwisho ndicho kamati nyingi hukikwepa kwa kuona aibu kulipa mshahara kutoka kwenye michango. Lakini daktari anayefanya operesheni mpaka jioni hawezi kupigia watu simu za kukumbusha ahadi. Tafuteni mtu mmoja au kampuni moja igharimie mshahara huo tangu mwanzo, ili mchangiaji wa kawaida ajue kwamba pesa yake haikwenda huko.

## Hatua ya 1: Andika upungufu wenu kwa tarakimu zenu

Maandiko mengi huanza na dunia. Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti yake ya mwaka 2019 kwamba watu bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwamba angalau bilioni 1 kati yao wangeweza kukingwa au bado hawajapata huduma. Ni kweli, na sentensi moja inatosha. Mfanyabiashara wa Songea hafungui pochi kwa sababu ya bilioni 2.2. Anaifungua akisikia kwamba mwaka jana watu kadhaa wa wilaya yake waliandikiwa operesheni ya mtoto wa jicho na hawakurudi, na hakuna ajuaye sababu.

Basi toeni kwenye rejesta mambo manne: wagonjwa walioonwa, walioandikiwa operesheni, waliofanyiwa, na waliopewa rufaa ya mbali. Kisha hesabuni wataalamu mlionao katika mkoa mzima: madaktari bingwa, wauguzi wa macho, wataalamu wa optometria (wapimaji wa macho na miwani). Mpango wa kimataifa wa kupambana na upofu, VISION 2020, ulioanzishwa mwaka 1999, uliweka kwa Afrika kusini mwa Sahara shabaha ya madaktari bingwa wa macho 4 kwa kila watu milioni moja. Wekeni idadi yenu pembeni ya shabaha hiyo. Tofauti inayoonekana hapo ndiyo sababu ya kuwa na kituo cha mafunzo.

Upande wa utafiti, andikeni maswali matatu, yasizidi. Yawe ya kwenu. Kwa nini mgonjwa wa presha ya macho huacha dawa baada ya miezi michache? Kwa nini wanawake wa vijiji vya pembezoni hawafiki kwenye kambi za upasuaji ilhali huduma ni bure? Watoto wangapi wanakaa nyuma ya darasa wasione ubao? Kama mkoa haujapata kuhesabiwa, upo utaratibu wa tathmini ya haraka unaopima watu wa miaka 50 na kuendelea peke yao, kwa kuwa wengi wa wasioona wako katika umri huo. Tathmini hiyo inaweza kuwa utafiti wenu wa kwanza.

Tahadhari: msiandike "kituo cha kisasa cha kimataifa". Mfadhili ameyasoma maneno hayo mara mia.

Utajua umefaulu pale mtu asiye wa hospitali akisoma ukurasa mmoja na kuusimulia kwa sentensi mbili. Mimi humpa mama ntilie wa nje ya geti. Akiniuliza "sasa hawa wanafunzi watatibu au watasoma tu?", narudi kuandika upya.

## Hatua ya 2: Panga karatasi

Kibali cha ujenzi hutoka halmashauri. Mafunzo ya cheti na diploma yako chini ya NACTVET (baraza la elimu ya ufundi), ya shahada chini ya TCU (tume ya vyuo vikuu). Utafiti wa afya unahitaji idhini ya maadili, kwa ngazi ya taifa kupitia NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), na mtafiti wa kigeni anahitaji pia kibali cha COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia).

Msijitangaze kuwa chuo kabla ya kusajiliwa. Njia fupi na ya heshima ni kuingia makubaliano na chuo kilichopo, kama KCMC ya Moshi au MUHAS ya Dar es Salaam, ambako madaktari bingwa wa macho hufundishwa tayari, ili wanafunzi wao waje kwenu kwa mafunzo ya vitendo. Barua ya chuo kama hicho kwenye andiko lenu ina uzito kuliko picha za rangi.

Utajua umefaulu ukiweza kumkabidhi mfadhili jalada moja na asiulize karatasi ya ziada.

## Hatua ya 3: Bajeti yenye maisha ya baada ya uzinduzi

Hapa ndipo miradi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kamati huchangisha jengo kwa sababu jengo linaonekana, lina ukuta wa kubandika kibao cha jina. Uzinduzi unapita, halafu hakuna mshahara wa mkufunzi, luku inaisha katikati ya somo, darubini ya upasuaji inaungua taa na taa ya pili hakuna. Mwaka wa tatu darasa limekuwa stoo.

Chukua mfano huu wa shilingi bilioni 1 kwa kituo kidogo chenye madarasa mawili, chumba cha mazoezi ya upasuaji na ofisi ya utafiti:

- Jengo: milioni 520
- Vifaa: milioni 260
- Dharura, kama asilimia 10 ya hayo mawili: milioni 80
- Uendeshaji wa miaka mitatu ya mwanzo: milioni 140

Tarakimu ni za kufanyia hesabu tu, zenu zitatoka kwa mkadiriaji. Lakini fungu la nne lisifutwe. Mjumbe akisema "tuanze na jengo, mengine Mungu atajalia", mwulize ni nani atalipa umeme wa Januari.

Baada ya miaka mitatu kituo kitakula kutoka wapi? Jibu lipangwe sasa. Mwaka 1976 Dakta Govindappa Venkataswamy alianza hospitali ya macho ya Aravind mjini Madurai, India, akiwa amestaafu serikalini, na vitanda 11. Mpango wake ulikuwa kwamba wanaoweza kulipa walipe, na ziada ihudumie wasioweza. Ziada hiyo ndiyo iliyoikuza. Mwaka 1992 Aravind ilifungua taasisi ya mafunzo, LAICO, kwa msaada wa klabu za kujitolea za Lions Clubs na shirika la Seva, na mwaka huohuo kiwanda cha lenzi, Aurolab, kilichoteremsha sana bei ya lenzi za kupandikiza. Angalia ufadhili ulivyokuja: walioleta fedha za taasisi ya mafunzo waliikuta hospitali iliyokuwa imeonyesha kwa miaka kumi na tano kwamba inajua kujiendesha.

Kwenu vyanzo vinaweza kuwa duka la miwani, kliniki ya kulipia ya jioni, ada za mafunzo mafupi, na sehemu ya fedha za kila utafiti. Duka la miwani lisidharauliwe. Miwani ya kusomea huhitajiwa na karibu kila mtu aliyepita miaka 45.

Utajua umefaulu bajeti ikionyesha mwaka wa nne bila fedha ya mfadhili, na mhasibu asiyewapenda akaikubali.

## Hatua ya 4: Jenga ngazi ya michango

Milioni 1,000 ukiigawa kwa watu 1,000 kila mmoja atoe milioni moja, hutaipata kamwe. Michango huja kwa ngazi: wachache wanabeba sehemu kubwa, wengi wanamalizia. Kwa mfano wetu:

- Mchango 1 wa milioni 200
- Michango 2 ya milioni 100
- Michango 4 ya milioni 50
- Michango 10 ya milioni 15
- Michango 30 ya milioni 3
- Michango midogo ya watu wote: milioni 160

Jumla inafika bilioni moja. Sasa andika majina. Kwa kila mchango mkubwa weka majina matatu au manne, maana wengine watakataa. Kwa hiyo mchango wa milioni 200 unataka majina manne ya watu au taasisi ambazo kweli zinaweza kutoa kiasi hicho na ambazo mna njia ya kuzifikia. "Bakhresa" au "Dangote" kwenye orodha, bila mtu wa kuwafikisha kwao, ni nafasi tupu.

Utajua umefaulu au mmeshindwa hapahapa, na ni vizuri kujua mapema. Majina ya juu yakikosekana, punguzeni ukubwa wa mradi. Jengeni chumba cha mazoezi ya upasuaji kwanza. Chumba hicho kinahitaji meza, darubini moja, vyombo, jokofu, na macho ya mbuzi kutoka machinjioni. Mwanafunzi akishashona jicho la mbuzi mara hamsini, mkono wake unatulia kabla hajamgusa bibi wa mtu.

## Hatua ya 5: Pesa ya kwanza itoke ndani

Kabla ya kumgongea mtu mlango, bodi yote itoe. Wote, kila mmoja kwa uwezo wake, na kwa fedha taslimu. Kisha madaktari, wauguzi, walinzi.

Mtu mzito akiombwa milioni 100, swali lake la kwanza mara nyingi ni hili: "Ninyi wenyewe mmetoa ngapi?" Anayejibu "wajumbe wote 11 na watumishi 64, jumla milioni 23" anapewa kiti. Anayejibu "sisi tunatoa muda wetu" anapewa soda.

Dakta Gullapalli Rao alipoanzisha taasisi ya macho ya Hyderabad mwaka 1987, yeye na mkewe walitanguliza akiba yao wenyewe. Familia ya mtayarishaji filamu L. V. Prasad ikafuata kwa ardhi na rupia milioni 10, na taasisi ikapewa jina lake. Nani alitangulia, nani akafuata: hilo ndilo la kuiga.

Katika kamati moja niliyokaa, mhudumu wa usafi wa wodi ya macho alileta shilingi 5,000 ndani ya bahasha ya barua. Tuliandika stakabadhi kama ya mwingine yeyote. Mwenyekiti wetu alikuwa bado hajatoa. Alitoa jioni ileile.

Tahadhari: msikate mishahara ya watumishi kwa waraka. Mchango wa kulazimishwa unageuka malalamiko, na malalamiko hufika kwa wafadhili kabla ya andiko lenu.

## Hatua ya 6: Waombeni wakubwa ana kwa ana, na tumeni mshenga

Mchango mkubwa ni kama posa, hauendi kuombwa na mwenye haja peke yake. Tafuteni mshenga: mtu ambaye mwombwa anamheshimu na ambaye yeye mwenyewe ameshatoa. Anaweza kuwa mfanyabiashara mwenzake, imamu wake, mwalimu aliyemfundisha. Daktari aende pamoja naye ili ajibu maswali ya kazi.

Barua hutangulia, lakini barua haichangishi. Nendeni watatu, msizidi. Salamu zipewe muda wake, habari za nyumbani, habari za msimu. Kisha mshenga afungue, daktari aeleze kwa dakika tano, na ombi litajwe kwa kiasi na kwa kitu:

"Mzee, tumekuja kukuomba utubebee chumba cha mazoezi ya upasuaji. Gharama yake ni milioni 100. Tunaomba uibebe kwa awamu mbili, mwaka huu na mwakani."

Halafu nyamazeni. Msimwambie "au chochote utakachojaliwa". Ukishatamka "chochote", umemruhusu mwenye uwezo wa milioni 100 atoe laki tano kwa moyo mweupe.

Mzee akisema "nimewasikia, nitawajulisha", hilo bado si hapana. Ni adabu. Ombeni tarehe: "Utaturuhusu turudi tarehe 12 kukusikiliza?" Bila tarehe, kila upande utamsubiri mwenzake mpaka mwaka ugeuke.

Kampuni zina kalenda yake. Nyingi hupanga fungu la jamii miezi ya mwisho ya mwaka wao wa fedha, kwa hiyo ulizeni mwaka huo unaisha lini kabla ya kupeleka barua. Kama mko karibu na mgodi mkubwa, jueni kwamba sheria ya madini baada ya mabadiliko ya mwaka 2017 inazitaka kampuni za madini ziandae mpango wa kila mwaka wa kuhudumia jamii, ukubaliwe na halmashauri. Mlango wenu hapo ni halmashauri. Meneja wa mgodi atawarudisha hukohuko.

Kubalianeni mapema, kwa maandishi, majina yataandikwa wapi na kwa miaka mingapi, na fedha za nani hamtapokea. Kampuni ya sigara ikija na milioni 200 baada ya bodi kuishiwa, huo si wakati wa kuanza mjadala wa maadili. Uvutaji sigara huongeza hatari ya mtoto wa jicho, na mwanafunzi wenu wa kwanza atauliza.

Utajua umefaulu mkiwa na asilimia 40 ya lengo bila tangazo lolote redioni.

## Hatua ya 7: Mashirika ya nje na ndugu walio ughaibuni

Lions Clubs ina mfuko wa SightFirst tangu mwaka 1990, kwa ajili ya macho. Maombi hupitia kwa Lions wenyewe, kwa hiyo anzeni na klabu ya mji wenu, mwaka mzima kabla. Rotary Foundation hutoa ruzuku kubwa zinazoanzia bajeti ya dola 30,000, na inataka klabu ya nchi nyingine ishirikiane na ya kwenu. Kwa kawaida haigharimii kujenga jengo la hospitali, bali vifaa na mafunzo. Mashirika ya huduma za macho kama CBM, Sightsavers na Fred Hollows Foundation nayo yana vipaumbele vyake. Someni ripoti zao za karibuni kabla ya kuandika, na andiko la kila shirika liwe lake.

Kanuni ninayoitumia: kuta ziombwe nyumbani, vifaa na mafunzo viombwe nje. Mfadhili wa mbali huogopa jengo asiloliona. Mtu wa mji wenu atapita mbele yake kila siku.

Fedha za utafiti ni mto mwingine. Hulipia utafiti wenyewe na hazijengi. Lakini kila mnapoomba, wekeni gharama za taasisi: umeme, mhasibu, intaneti. Wengi huona haya kuziweka, kisha hospitali inalipia utafiti wa mtu mwingine kwa miaka mitatu.

Ndugu walioko Uingereza, Canada na Oman hutoa kwa moyo, ila wameumizwa na miradi ya kwenye makundi ya simu. Wapeni akaunti ya taasisi na taarifa ya benki. Kwa walioko Uingereza, tafuteni shirika la hisani lililosajiliwa huko likubali kupokea kwa niaba yenu, kwa kuwa kwa mpango wa Gift Aid serikali yao huongeza peni 25 kwa kila pauni ya mlipakodi.

## Hatua ya 8: Wakfu, zaka, sadaka

Pwani na visiwani watu wanajua tangu zamani namna ya kuhudumia taasisi kwa karne: wakfu. Duka au nyumba ya kupanga ikiwekwa wakfu kwa kituo, kodi yake inalipa mkufunzi mwaka hata mwaka. Ni sadaka yenye kuendelea, na mzee mwenye nyumba tatu mtaa wa Ng'ambo, mjini Zanzibar, anaielewa haraka kuliko mchumi. Zanzibar shughuli hizi zina kamisheni yake ya serikali. Nendeni na sheikh na mwanasheria, hati iandikwe vizuri, warithi wajue.

Zaka ni jambo jingine. Ina watu wake maalumu wa kupewa, kwa hiyo msiiombe kwa ajili ya matofali. Iombeni kwa ajili ya operesheni za wagonjwa maskini, na itunzwe kwenye hesabu yake. Mkiichanganya na ujenzi, mmevunja amana.

Makanisani, ombeni sadaka maalumu ya Jumapili moja kwa dayosisi nzima. Baba Askofu akiandika barua, mchungaji wa kijijini ataisoma. Siku hiyo pelekeni muuguzi apime macho nje baada ya ibada.

## Hatua ya 9: Sasa iteni harambee

Mkishafika asilimia 60 ya lengo, fedha ikiwa benki, iteni watu. Mwenye kipaza sauti atasema: "Milioni 600 ziko kwenye akaunti. Tunakuja kwenu kumalizia." Watu hupenda kupanda basi linalokaribia kujaa.

Siku nzuri ni Siku ya Kuona Duniani, Alhamisi ya pili ya Oktoba. Asubuhi pimeni macho bure, jioni chakula.

- Gharama za shughuli zisizidi sehemu moja ya kumi ya mnachotarajia. Ukumbi, maji na muziki viombwe bure kwanza.
- Kadi za mchango ziwe na namba, na kila kadi iandikwe jina la aliyeichukua.
- Lipa namba ionekane ukutani kwa herufi kubwa. Wekeni mtu mmoja kwa kila meza asaidie wanaotuma palepale.
- Msisome kwa sauti viwango vya waliotoa kidogo.
- Bahati nasibu inahitaji leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Msiiweke kwa mazoea.

Kuhusu wagonjwa: hakuna kinachogusa kama bandeji kufunguliwa asubuhi na bibi akamwona mjukuu wake. Lakini mgonjwa aliye kitandani kwenu hawezi kukataa kwa uhuru, anaogopa kuudhi waliomtibu. Ombeni ridhaa ya picha wiki kadhaa baada ya kurudi kwake, nyumbani, mbele ya ndugu. Akisema hapana, mwambieni asante na muondoke.

## Hatua ya 10: Geuza ahadi kuwa fedha

Kosa lililoniuma zaidi nililifanya mimi. Tulikuwa na ahadi za kutosha kujenga kuta na paa, nikashauri fundi aingie. Nusu ya ahadi hazikuja. Jengo lilisimama kwenye lenta, likanyeshewa misimu miwili, nondo zikashika kutu, na sehemu tukaibomoa. Waliotoa kweli walipita hapo kila siku wakiangalia pesa yao ikilowa.

Tangu hapo nina sheria mbili. Ahadi ya hadharani naihesabu nusu. Na hakuna awamu ya ujenzi inayoanza (msingi, kuta na lenta, paa, umaliziaji) kabla fedha yote ya awamu hiyo haijawa benki.

Ratiba ya kufuatilia: ujumbe wa shukrani na stakabadhi ndani ya siku mbili. Simu siku ya 14, apige yule aliyemwalika. Simu nyingine siku ya 30, mkitoa nafasi ya kulipa kidogo kidogo. Baada ya mara tatu, mwachieni kwa heshima: "Kaka, tunajua mambo hubana. Tumeiweka pembeni, ukipata nafasi utatukuta." Wengine hurudi baada ya mwaka. Aliyetangazwa jina lake kama mdaiwa harudi kamwe.

## Hatua ya 11: Vifaa vya bure si bure

Mtaletewa makontena. Kabla ya kusema ndiyo, ulizeni: umeme wake ni wa volti ngapi (Marekani ni 120, kwetu 230), mashine ina umri gani, vipuri vinauzwa bado, fundi wa karibu yuko wapi, na vitu vinavyotumika kila siku nani atanunua. Kifaa tiba kinahitaji kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) kabla hakijasafirishwa, na msamaha wa kodi huombwa kabla meli haijafika. Mkichelewa, gharama za bandari zitazidi thamani ya mzigo.

Jibu la kukataa lina staha yake: "Tunashukuru sana. Mashine hii hatuna fundi wake. Je, mngeweza kutusaidia taa za ziada za darubini tuliyonayo?" Nimeona wafadhili wakikubali hilo kwa furaha.

## Hatua ya 12: Taarifa kila robo mwaka

Ukurasa mmoja: zilizoingia, zilizotoka, salio, picha ya jengo ilipofika, na tatizo lililojitokeza. Bei ya saruji ikipanda, semeni ninyi kabla hawajasikia kwingine. Hesabu zilizokaguliwa ziwekwe ofisini, mtu yeyote aliyetoa aweze kuzisoma.

Taarifa ziendelee baada ya uzinduzi. Ile ya mwaka wa pili ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu inajibu yaliyoandikwa katika hatua ya 1: wanafunzi wangapi wamepita na wamepangiwa vituo gani, operesheni zimeongezeka kwa kiasi gani, na kati ya yale maswali matatu ya utafiti ni lipi limepata jibu. Ichapisheni kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka na mtu wa miaka 60. Nakala moja ibandikwe kwenye ukuta wa kliniki, na moja mpelekeeni kwa mkono yule mhudumu wa usafi.